Mashine Inayotembea

Jumatatu, 4 Machi
Maajabu. Mashine ya kufulia ya mama mwenye nyumba imenizidi umri, lakini inatembea! Ikifika kukamua, inanguruma, inatetemeka, kisha inavuka jiko taratibu kama bibi harusi. Nimeifuata kwa heshima mpaka waya ulipoishia.

Jumanne, 5 Machi
Mama mwenye nyumba ametangaza kwamba chumba cha juu, chenye dirisha, atapewa mpangaji atakayemfurahisha kwa usafi Alhamisi. Yaani mimi au fundi cherehani wa chumba cha pili. Changu hakina dirisha. Tangu nije nchi hii ya watu, sijui kama mvua inanyesha mpaka nitoke nilowe. Fundi keshapiga magoti, anadeki kwa mkono. Maskini. Akili ni nywele, kila mtu ana zake.

Jumatano, 6 Machi
Mpango tayari. Nimefunga blanketi chini ya mashine, nikalilowesha kwa sabuni. Nimeunga waya mrefu. Kesho itafua na kudeki kwa mkupuo mmoja. Nimempigia mama yangu simu. Akasema nyumbani sikuwahi kuosha hata kikombe, ila ataniombea. Nikamwambia mgeni njoo, mwenyeji apone.

Alhamisi, 7 Machi
Nilitia shuka nyeupe za mama mwenye nyumba, nikakaa juu ya meza. Imekwenda! Sakafu iling'aa nyuma yake, machozi yakanilengalenga. Kisha sabuni ikaipa kasi. Ikang'oa mpira wa maji, ikateleza, ikajibana mlangoni. Mama mwenye nyumba alikuwa nje anagonga, maji yakimlowesha ndara. Fundi akaingia kwa dirisha la jiko, akazima umeme. Shukrani zote kapewa yeye. Mimi niliyevumbua, nimepewa ndoo.

Ijumaa, 8 Machi
Fundi kahamia juu. Nimemsaidia kubeba cherehani, nikaona anga kwenye dirisha lake. Roho imeniuma sana.
Mama mwenye nyumba kanikataza kugusa mashine ya kufulia. Kanikabidhi ya kuvuta vumbi, nayo kuukuu, akasema nikileta ujuzi wangu tena nitafute pengine pa kulala. Nimeapa.
Nimeiwasha. Nimebaki kinywa wazi. Mbele inavuta, kumbe nyuma inapuliza hewa ya moto! Na shuka zake nyeupe bado mbichi kambani. Kesho akiamka atazikuta kavu, atanisamehe mwenyewe.
Kasoro moja tu. Ndani kuna mfuko uliojaa vumbi, unazuia upepo. Nimeutoboa.