Mtaalamu wa Nyoka Vipofu

Jumatatu, 1 Desemba 2025

Leo bahati imenitembelea! Dokta Bupe, mtafiti kutoka chuo kikuu, anatafuta mwanakijiji wa kuzunguka naye msimu mzima akitambua nyoka vipofu, wale wanaoishi ardhini. Jumamosi kila mwombaji alete mmoja. Nimenyoosha mkono kabla hajamaliza. Nimemwambia nimekua nao. Sijawahi kumwona hata mmoja, lakini hilo ni jambo dogo.

Obedi naye kanyoosha. Obedi! Yule yule aliyeninyang'anya uongozi wa kwaya kwa kisingizio kwamba anajua kuimba.

Lazima nishinde. Shangazi Paskazia, anayenilisha, amesema nisipopata kazi wiki hii, Jumatatu napanda lori kwenda Kibaigwa kubeba magunia ya mahindi. Mgongo huu si wa magunia.

Jumanne, 2 Desemba

Nimechimba kichuguu cha kando ya njia kutwa nzima. Nyoka hakuna. Mchwa wapo, na wana meno. Obedi amepita na baiskeli, akauliza natafuta nini. Nikasema nafyatua tofali. Jioni watu wawili wamekuja kuweka oda.

Alhamisi, 4 Desemba

Mvua ya kwanza! Paa la udongo la tembe ya Shangazi linavuja, tena linavuja minyoo. Midogo, ya kahawia, inang'aa kama viatu vya mbunge. Mmoja umeangukia kwenye mlenda. Shangazi amefoka kwamba umetoka kwenye udongo wa kichuguu niliompandishia paani mwezi jana. Nimeifagia nje, kuku wakaisherehekea. Obedi, aliyekuja kujikinga mvua, ameokota mmoja akautia kwenye kopo la siagi.

Nimecheka hadi mbavu zikauma. Anampelekea Dokta mnyoo! Nikamhurumia kidogo, kisha nikaacha.

Ijumaa, 5 Desemba

Nimempata! Alikuwa stoo, nyuma ya magunia ya uwele. Mrefu kama mkono wangu. Nikampungia kiganja mbele ya macho: hakupepesa. Nikammulika kwa simu: hakupepesa. Kipofu kabisa, maskini. Nikampungia tena kwa uhakika, akaning'ata kidole. Kabahatisha tu. Nikamtia kwenye ndoo.

Shangazi kanikimbiza zahanati huku akilia kwamba atamwambia nini kaka yake. Nesi Emiliana kanichunguza hadi jioni, akasema sitakufa, ila ndoo yenye nyoka itoke wodini. Nikagoma kuiachia. Tumekaa nje wote, mimi na ndoo.

Jumamosi, 6 Desemba

Aibu! Dokta kafunua ndoo yangu, akacheka kwa upole. Akasema huyu ni nyoka wa nyumbani, mla panya, hana sumu, na ananiona vizuri sana. Nyoka wote hawapepesi, hawana kope. Nyoka kipofu ni mdogo kama mnyoo, ila ana magamba laini na ulimi, macho yake ni vidoa viwili vyeusi chini ya gamba, na mkiani ana kijimwiba.

Ndipo Obedi akafungua kopo. Dokta nusura alie kwa furaha. Roho imeniuma kweli. Tayari nilikuwa nalisikia lori la Kibaigwa.

Dokta akauliza katoka wapi. Obedi, mlokole asiyejua kuficha, akasema paani kwa Shangazi Paskazia, kwenye udongo wa kichuguu, tena walianguka wengi. Dokta akauliza tena, na udongo huo kaupandisha nani? Nikajiandaa kukana, nikidhani ni kesi. Shangazi, aliyenisindikiza, akawahi kusema ni Thomas wake, tena kwa fahari. Sijawahi kuisikia sauti hiyo. Dokta akasema mtu anayekijua kichuguu chenye nyoka wengi hivyo hawezi kumwacha. Obedi atatambua, mimi nitachimba. Kazi! Nimepewa na buti!

Jumapili, 7 Desemba

Nimeenda kanisani na buti. Mzee Mazengo, mwenyekiti wa kitongoji, alipoitikia shikamoo yangu, akauliza nyoka vipofu wanatambuliwaje. Nimemweleza kwa kirefu: jike ndiye kipofu, dume huona kwa jicho moja, na mwenye umri mkubwa huota masikio. Kaduwaa! Kesho jioni ananipa nusu saa mkutanoni niwaelimishe wananchi. Obedi atakuwepo, atajifunza mengi.

Dokta kaniazima kitabu chake cha picha za nyoka, nikisome chote leo. Nimekiweka chini ya mguu wa kitanda unaoyumba. Kitanda kimetulia kabisa.