Matofali Mabichi ya Mzee Ildefonsi

Jumatatu, 3 Juni 1996
Daftari langu, samahani. Tangu Pasaka sijakugusa. Beata anaota meno, mimi naota usingizi.

Habari kubwa! Mzee Ildefonsi, mzaliwa wa hapa hapa Lituhi mwenye kiwanda cha sabuni Dar, anakuja Jumamosi. Atatoa mabati na saruji ya shule kwa kitongoji chenye matofali ya kuchoma. Kimoja tu! Wifi yangu Hedwiga na wenzake wa ng'ambo ya mto wanayo tayari. Sisi tunayo elfu mbili, mabichi. Shule ikijengwa huku, Notburga wangu havuki mto tena. Masika alirudi amelowa hadi kifuani, madaftari kichwani. Ana miaka saba tu!

Nimepika pombe, komoni. Alhamisi wanaume watakunywa, watakata kuni, watachoma. Mzee akikuta tanuru linafuka, inatosha.

Alhamisi, 6 Juni
Dagaa wa usipa wamejaa ziwani. Wanaume wote wamekwenda na mitumbwi. Komoni wamekunywa wazee watatu, wakaniombea baraka, wakasinzia. Hedwiga kapita, kauliza eti wifi, hilo tanuru au kaburi? Nimemjibu asubiri Jumamosi. Kuni nimekata mzigo mmoja, mtoto mgongoni. Inatakiwa arobaini.

Ijumaa, 7 Juni
Akili imekuja nikinyonyesha. Udongo mwekundu! Nimeukoroga, nimepaka matofali yote ya nje ya tanuru. Jivu kidogo juu. Ukiwa barabarani huwezi kujua. Notburga ameuliza kama huo si uongo. Nimemwambia anawe mikono.

Jumamosi, 8 Juni
Mzee hakubaki barabarani. Kumbe amekua akifyatua matofali! Shikamoo sijamaliza, kashachukua mawili, anayagonga. Tofali lililoiva hulia. Yangu yalisema pu. Akaomba maji. Nikadhani ana kiu, nikaleta kikombe cha wageni. Akayamimina juu ya tofali, akalisugua. Tope likamchuruzikia kwenye viatu.

“Mama Notburga, hili tofali au uji?”

Watu walicheka hadi wakakaa chini. Hedwiga alitoka machozi. Mabati yamekwenda ng'ambo.

Lakini Mzee kaniita pembeni, kwa upole. Amebakiza mabati ya darasa moja. Nichome kweli, atapita tena mwezi wa nane. Notburga kanishika mkono njia nzima. Afadhali angelia.

Jumapili, 9 Juni
Nimesinzia kwenye misa. Kuchoma! Mizigo thelathini na tisa, mgongo mmoja, na Beata yuko juu yake. Lakini ule mto mwanangu havuki tena, nimeshasema.

Nimefikiri sana. Kosa lilikuwa udongo. Udongo unayeyuka.

Kesho namwandikia mume wangu Salvatory, yuko Mbinga kwenye mashine ya kahawa. Atume kwa gari la kwanza: viatu vya mpira vya Notburga, namba thelathini. Sabuni ya Beata. Rangi ya mafuta, nyekundu, makopo manne. Brashi pana, moja. Na matofali mawili yaliyoiva vizuri, ya kumpa Mzee agonge.