Matembezi Yenye Vituo vya Mwisho Vitatu

Jumatatu, 3 Machi

Mke wangu kaondoka jana. Kaenda kwa mama yake, mtaa wa pili tu, lakini kabeba mpaka sufuria. Kasema atarudi siku atakayoniona nafanya kazi, kwa macho yake mwenyewe, si kwa kusimuliwa. Kanipa hadi Jumamosi. Nikishindwa, basi tena. Nimekula mkate mkavu nikiwa nimesimama, maana viti navyo sina hamu ya kuvikalia peke yangu.

Mchana kutwa nipo dirishani. Wakapita wageni wawili wenye kamera, wakapiga picha kamba ya nguo za jirani. Soksi za jirani! Hapo hapo wazo likanijia. Mtaa wetu una watu wa kila pembe ya dunia. Kila mlango na lugha yake, nyumba za ibada zinatazamana, na hakuna anayewaonyesha wageni lolote. Nitakuwa mwongoza wageni. Ni kazi ya kutembea na kusema, na vyote viwili navijua toka utotoni.

Jumanne, 4 Machi

Nimebandika tangazo kituo cha treni: "Dunia nzima kwa asubuhi moja, Jumamosi hii!" Kisha nikaenda kwa mwoka mikate, yule aliyehamia hapa kutoka nchi za baridi. Nikamweleza. Akauliza kwake watafika saa ngapi. Katikati ya matembezi, nikasema. Uso ukamshuka. Akasema katikati watu huangalia tu. Wananunua mwisho, miguu ikishachoka. Nikamwonea huruma. Haya, kwako ndiyo mwisho. Akanikumbatia, unga mpaka puani.

Fundi cherehani wa mkabala naye akauliza swali lile lile. Ni mama mjane, ana macho yasiyokatalika. Naye nikampa mwisho.

Kwa kinyozi nilipanga kupita bila salamu. Ndiye aliyemwambia mama mkwe kwamba nalala mpaka adhuhuri. Lakini aliniita, akanikalisha, akanipaka povu, akaweka wembe shingoni. Ndipo akauliza matembezi yanaishia wapi. Wewe ungejibu nini?

Jumatano, 5 Machi

Nimekwenda kwa mama mkwe. Kafungua mlango kidogo, akaniita mwanangu, akanikaribisha, na mlango akaushikilia pale pale. Nikamwambia nimepata kazi. Akarudia neno kazi kama anayeuliza jina la ugonjwa. Sauti ya mke wangu ikatoka ndani: Jumamosi atakuja kuiona. Nimemkumbuka mno. Nimelia kidogo njiani, na nikamwambia muuza magazeti ni vumbi.

Ijumaa, 6 Machi. Hapana, 7

Nimefanya mazoezi. Kumbe sijui chochote kuhusu mtaa huu, na nimezaliwa humu! Hakuna shida. Nyumba ya dobi nimeipa malkia aliyekimbia vita. Bomba la maji nimesema hutoa machozi yake. Nilijisikiliza mwenyewe nikasisimka.

Jumamosi, 8 Machi

Sitaki kuandika. Naandika.

Wageni walikuja, wengi! Mke wangu na mama yake walikuwa nyuma kabisa. Nikajipiga kifua nikaanza na malkia. Dobi akatoka mlangoni, akasema nyumba ile kaijenga baba yake. Nikasema malkia alikuja baadaye. Dobi akauliza alilala wapi, maana vyumba ni viwili na yeye alizaliwa katika kimoja. Mke wangu akatazama chini.

Tukageuka kona. Mwoka mikate katandika meza katikati ya barabara, anawakaribisha watu mwisho wa safari. Wageni wakakaa. Fundi cherehani akavuka na utepe wake wa kupimia shingoni, kasema safari haijaisha, mwisho uko kwake. Kinyozi akaja na mkasi. Wote watatu wakawaka, kila mmoja kwa lugha yake, wakininyooshea kidole. Lugha hizo sizijui, lakini nilielewa kila neno. Wageni wakadhani ni mchezo wa kuigiza, wakapiga makofi.

Nikatimua mbio hadi nyumbani.

Kutoka dirishani nikaona yote. Mke wangu kapanda juu ya kiti. Kamsemesha mwoka mikate kwa lugha yake, akanyamaza. Kamgeukia fundi kwa lugha yake, akacheka. Kwa kinyozi hivyo hivyo. Akawapanga: wenye njaa kwa mikate kwanza, wengine kwa fundi, wengine kwa kinyozi, kisha wabadilishane. Miaka yote hiyo akichelewa sokoni nilinuna, kumbe alikuwa akiongea na watu. Sikuwahi kumuuliza.

Jumapili, 9 Machi

Mama mkwe kaja mwenyewe. Kasema wale watatu wamemwomba binti yake aongoze wageni kila asubuhi, na kakubali. Nikauliza, je, anarudi? Kasema binti yake alitaka kuiona kazi, ameiona, kazi ni nzuri, basi ataifanya yeye. Halafu akachukua na kijiko kilichokuwa kimebaki. Nimekwisha.

Jumatano, 12 Machi

Nimesikia sauti yake barabarani. Nikafungua dirisha. Kasimama chini na wageni wake, kainua mkono: hapo juu, anawaambia, anaishi mtu aliyewaahidi majirani zake wote mwisho mmoja. Wageni wakainua vichwa, wakacheka, wakapiga picha. Mimi na soksi za jirani, sasa tuko sawa. Bibi mmoja akanipungia mkono. Nikampungia.

Alhamisi, 13 Machi

Kasimama tena! Kanitazama moja kwa moja. Mwanamke asiyetaka kurudi angepita njia nyingine, si ndiyo? Tatizo ni kwamba hapa ni kituo cha kupita tu. Matembezi yakiishia chini ya dirisha langu, wageni wataondoka zao, naye atabaki.

Nimetafuta suti ya harusi. Nahitaji pia benchi la wageni kupumzikia, na benchi ni la jirani wa chini. Nimemwendea. Kasema ataniazima kwa furaha, na meza ya kuuzia sharubati zake ataiweka pembeni, lakini anataka kujua matembezi yataishia kwa nani hasa.

Nimemwambia ni kwake.