Kibatari Katika Hoteli ya Kadi

Jamani, leo nimevuliwa nguo mchana kweupe. Nasema nguo za heshima, ingawa zile za mwilini nazo hazikukaa sawa, mtaona.

Mnanijua. Mimi Mariamu, mwalimu wa darasa la tatu, ndiye yule anayeingia kwa watu na kuzima taa ya sebuleni kabla ya kusalimia. Ndiye niliyemwambia shemeji yangu mbele ya wageni kwamba friji si televisheni, haifunguliwi ili itazamwe. Mtaani wananiita Mama Zima. Basi leo Mama Zima amewatoa watu wote nje ya hoteli.

Nianze mwanzo, maana bila mwanzo mtaniona mwendawazimu tu.

Leo Sakina, rafiki yangu wa utotoni, alikuwa hapa Kindu. Wakati wa vita tulikaa naye ukuta kwa ukuta, hapa hapa mtaa wa Kasuku. Mji ulikuwa umefungwa. Treni haiji, chumvi hakuna, mafuta ya taa tunayasikia kwa jina. Kilichokuwepo ni mawese. Mama yangu na mama yake wakatoboa tundu kwenye ukuta wa udongo kati ya nyumba zetu, wakaweka humo kopo tupu la samaki, mawese kidogo na utambi wa pamba. Kibatari kimoja, nyumba mbili. Upande huu nasoma mimi, upande ule anasoma Sakina, na tukiinua vichwa tunaangaliana juu ya ule moto mdogo. Nyusi zake nilizijua kuliko zangu. (Kioo tulikuwa tumekiuza.)

Kibatari hicho kilikuwa na sheria kuliko shule. Hakiachwi peke yake hata kidogo: wa mwisho kutoka anatoka nacho, hata kama anakwenda uani tu. Na chakula kikiisha kinazimwa, kwa sababu mama zetu walisema tunaongea kwa mdomo, si kwa macho. Kukizima ndiyo ilikuwa starehe yetu mimi na Sakina. Leo zamu yangu, kesho zamu yake. Puliza mara moja tu, na ole wako upulize zamu ya mwenzako. Tuligombania zamu kuliko chakula, na chakula chenyewe kilikuwa cha kugombaniwa.

Kikishazimwa, tunaweka midomo kwenye tundu na kuongea. Ilikuwa shida, sitaki mtu aniambie haikuwa shida. Lakini nimekaa na balbu miaka mingi sasa, na sijaongea tena na mtu vile tulivyoongea kwenye lile tundu lenye harufu ya masizi. Mambo yote ninayoyajua kuhusu urafiki niliyajua hapo.

Siku ya mwisho nilizima mimi. Kesho yake ilikuwa zamu ya Sakina, ila alfajiri baba yake aliwachukua wote wakashika njia ya msituni kuelekea Punia, kimya kimya, bila hata kugonga ukuta. Jioni niliwasha, nikakaa nikisubiri nyusi. Mama alikuja akakiondoa kibatari mwenyewe.

Tangu siku hiyo sikumwona mpaka leo. Tulipatana tena kwenye simu mwaka jana. Kumbe Sakina wangu amesomea umeme! Kazi yake ni kuzunguka mijini akiwawekea wenye hoteli vyombo vya jua, na kuwapangia namna ya kutopoteza umeme bure. Hoteli hii ya leo, umeme wake aliuweka yeye. Leo alikuwa akutane na mwenye hoteli, ambaye ana nyingine anayotaka kuijenga, ili aamue kama kazi hiyo nayo atampa yeye. Akaniandikia: njoo saa sita, tule pamoja, saa tisa napanda ndege.

Niseme ukweli, niliogopa. Yeye amekuwa madamu, mimi bado nakaa mtaa ule ule. Sikuogopa kwamba atanidharau. Niliogopa atanihurumia, na hilo kwangu ni baya zaidi. Nikajiambia: Mariamu, leo utaonekana mtu. Nikaazima viatu vya mwalimu mwenzangu (namba moja chini ya yangu). Gauni la Idi nikalitia kwenye mfuko ili vumbi la pikipiki lisilikute, nitabadilisha huko huko. Nikafunga lituma, zile ndizi zetu za kupondwa, kwenye majani, samaki wa kukaushwa, na chupa ya mawese ya kwenda nayo kwake.

Nimefika hotelini na uso mwekundu kama tofali. Kijana wa mapokezi alikuwa na adabu.

"Mama, madamu Sakina iko mu mukutano. Alisema upande mu chumba yake, umungoje kule. Kadi njo hii."

Kadi. Nilitegemea ufunguo. Lakini sikuuliza, kwa sababu mtu anayeonekana mtu haulizi. Nikapanda, nikaigusisha mlangoni, mlango ukalia kidogo ukafunguka. Nikajisifu. Halafu nikaitia kadi kifuani, mahali ambapo mwanamke mwenye akili anaweka kitu cha watu.

Ndani, nikabonyeza taa. Hakuna. Pangaboi, hakuna. Kitufe cha tatu, hakuna.

Sasa mnisaidie. Mtu wa Kindu akibonyeza taa isiwake, anafikiri nini? Mimi nilifikiri umeme umekatika, nikaridhika kabisa, hata nikaona raha kidogo kwamba wenye hoteli nao unawakatikia. Kweli pale mapokezi pangaboi lilikuwa linazunguka, lakini nikajiambia lile ni la kupendezesha wageni. Na ukutani karibu na mlango kulikuwa na kisanduku chenye mdomo mwembamba na maandishi ya udogo wa chawa. Miwani nimeiacha nyumbani. Nikaamua ni mahali pa kutia barua za malalamiko.

Chumba kilikuwa na dirisha, lakini linatazama uani, na uani kuna wanaume wanakula. Gauni nitabadilishia wapi? Bafuni. Bafu halina dirisha, giza kama mtungini, na kioo kipo humo humo. Simu yangu ilikuwa na chaji ya kubembeleza, na Sakina anaweza kupiga wakati wowote, kwa hiyo tochi haiwezekani. (Mama Zima hapotezi chaji.)

Nikatazama huku na huku. Kuna kibakuli cha kioo cha sabuni. Kuna pamba kwenye kopo karibu na sinki. Kuna chupa yangu ya mawese.

Mikono ilianza yenyewe, nawaapia. Vidole vilisokota utambi kabla sijaamua. Ule mchezo wa kuulowesha, kuubana, kuacha ncha kavu kidogo, kumbe nilikuwa bado nao wote, kama jina langu. Nikatoka koridoni kuomba moto. Kulikuwa na baba mmoja anavuta sigara kwenye baraza, mgeni, suti ya buluu. Nikamsalimia vizuri, nikamwomba moto. Akanitazama, na kilemba changu na vumbi langu, akatoa kiberiti cha gesi na kuniletea na sigara moja juu yake. Nikachukua moto, sigara nikamrudishia kwa heshima. Sijui alibaki anafikiri nini.

Kibatari kikawaka. Nikakiweka kando ya kioo, na ile harufu ikapanda. Mawese na masizi. Jamani, nilikaa juu ya kile choo cha kifahari nikalia kidogo. Nilimwona mama yangu anavyokinga moto kwa kiganja akivuka uani. Nilisikia Sakina upande wa pili anavyosoma kwa sauti jedwali la saba, na anakosea pale pale kila siku, saba mara nane. Kwa dakika mbili tatu sikuwa mwalimu wa mtu, nilikuwa mtoto wa nyumba ile.

Kisha nikafuta uso, nikavaa gauni, nikaanza kupaka wanja. Jicho la kulia likatoka vizuri. Sikuwa nimetazama juu. Moshi ulikuwa umejaa darini, mweusi, na hapo juu kulikuwa na kitu cheupe cha mviringo nilichodhani ni pambo.

Pambo likapiga kelele.

Si kelele ya kawaida. Ilikuwa kelele inayoingia kwenye meno, na mara kelele nyingine zikaitikia koridoni na chini. Mtu aliyekulia Kindu miaka ile hasubiri kuelezwa kelele maana yake nini. Miguu ilishafika mlangoni kabla ya akili. Lakini mlangoni nilirudi. Nilirudi mbio, nikachukua kibatari, nikakikinga kwa kiganja, ndipo nikatoka. Kwa sababu taa haiachwi peke yake.

Kwa hiyo piga picha. Uani wamejaa watu: waliokuwa wanakula, wapishi na miiko yao, wenye mkutano wote na karatasi zao, baba wa suti ya buluu. Kila mtu anauliza moto uko wapi. Na mimi nateremka ngazi. Gauni la Idi, zipu wazi mgongoni. Miguu mitupu, viatu vya kuazima nimeviacha. Jicho moja na wanja, jingine bila. Na mkononi nimeleta moto wenyewe, unawaka vizuri tu.

Wote wakarudi nyuma hatua moja.

Kijana wa mapokezi ndiye aliyeanza, kwa upole, ndiyo ikauma zaidi.

"Mama, kadi iko wapi?"

"Niko nayo," nikasema, nikaitoa kifuani mbele ya kila mtu.

"Hukuitia mu kile kisanduku ya ukuta?"

Akaeleza kwa sauti ya kufundisha. Kadi ikiwa kisandukuni, chumba kina umeme. Ukitoka nayo, kila kitu kinazimika, ili hoteli isichomee umeme chumba kitupu. Nilikuwa nimekaa nusu saa gizani, umeme wote wa chumba umo kifuani mwangu! Mpishi mmoja alicheka, akajidai anakohoa.

Hapo mwenye hoteli akasogea, mtu mkubwa, jasho tele, hasira tele. Kasema mkutano umevurugika, kasema darini patapakwa rangi upya. Akageuka upande wa wenye mkutano, na hapo nikamwona Sakina. Amenenepa, ana nywele fupi, suti nzuri. Nyusi ni zile zile. Mwenye hoteli akamuuliza yeye.

"Madamu, huyu mama iko mu chumba yako. Unamujua?"

Mjue, kazi yake yote ilikuwa kwenye jibu lile. Nikaona nimwokoe, nikajibu mimi haraka.

"Hapana papa, hanijue. Nilikuja tu kuleta samaki."

Sakina hakumtazama mwenye hoteli. Alikuwa anatazama kile kibakuli cha sabuni. Akaja polepole mpaka mbele yangu, karibu kabisa, tukatazamana juu ya moto kama zamani, na mimi na jicho langu moja. Nikamsubiri acheke, au alie, au anihurumie.

"Usizime," akaniambia. "Njo zamu yangu."

Akapuliza. Mara moja tu.

Kisha akanifunga zipu, mbele ya wale wote, akamgeukia mwenye hoteli na kumwambia kwamba huyu ni yaya yake, yaani dada yake mkubwa, na kwamba ile kazi ya kadi aliyokuwa anamweleza asubuhi nzima hakuisomea popote, aliijua kwetu: anayetoka anatoka na taa. Alisema kama anataka kuona mtu ambaye hawezi kuacha taa katika chumba kitupu hata akidhani anakimbia kifo, amtazame huyu hapa. Mwenye hoteli akainamia kile kibakuli, akanusa. Halafu akauliza, sauti imeshuka, kama yale ni mawese ya wapi, maana kwa mama yake pia walikuwa na kopo. Mkutano wakaumalizia pale pale uani, wamesimama. Kuhusu ile hoteli nyingine amesema Sakina alete mpango wake. Kuhusu dari hakusema tena.

Lituma tulikula kitandani, kwa mikono. Kadi aliiweka kisandukuni yeye, taa zikawaka zote, pangaboi likaanza. Tulipomaliza kula akainuka, akaenda ukutani, akaichomoa. Tukaongea gizani, pazia limefungwa, mpaka dereva wake alipogonga mlango mara ya tatu. Aliyoniambia hapo sitayaandika. Nilimuuliza lakini saba mara nane, akakosea.

Sasa ndege imeondoka, niko nyumbani, viatu vya mwalimu bado viko bafuni kule na sina uso wa kuvifuata. Anayetaka kunicheka, ruksa. Ila azime taa kwanza, tunacheka kwa mdomo.