Majina Saba Kutoka Daftari la Novemba

Jumatatu, 3 Novemba
Nimechaguliwa kuzungumza mbele ya kamati ya wabunge! Katembo, katibu wa vijana wetu Wakongo wa hapa mtaani Kansanga, amenuna. Anasema msichana wa kidato cha tatu atalia tu. Sitalia. Dada yangu Benedicte hawezi kuandikishwa kwa mtihani wa mwakani bila kadi mpya ya ukimbizi, na kadi tunaisubiri tangu Pasaka. Hilo nitawaambia. Tatizo: kamati inataka ombi liwe na majina ya waombaji ishirini. Tuko kumi na watatu. Wengine wanaogopa kuandika majina yao popote.

Jumanne, 4 Novemba
Njia imepatikana. Kanisani kuna daftari la Novemba, tunamoandika marehemu wetu ili wasomwe kwenye misa. Mama Emérence, anayelitunza, alikuwa akipanga maua. Nikanakili saba, wazee wa kwetu Beni, majina ya heshima. Hawaogopi polisi. Hawatalalamika.

Alhamisi, 6 Novemba
Bungeni. Karani akaanza kuita majina! Sikulitarajia hilo. Kumi na watatu wakaitikia. Kisha akamwita mzee Saverio, wa kwanza wa wale saba. Nikatazama viatu vyangu.
“Niko,” ikasema sauti nyuma yangu.
Wote saba wakaitikia, taratibu, kama watu walioamshwa. Katembo, ambaye huwa hanisalimii, alinishika mkono. Nikasimama, nikasema habari za Benedicte. Sikulia. Mwenyekiti akanipongeza: hajawahi kuona waombaji watulivu hivyo. Ataandika barua ili kadi zitolewe. Nilipogeuka, viti saba vya nyuma vilikuwa vitupu. Juu ya kila kimoja, udongo kidogo, mbichi.

Ijumaa, 7 Novemba
Karani amepiga simu. Barua itatoka Jumatatu, tukifikisha majina hamsini. Benedicte ameimba asubuhi nzima. Katembo amenisihi nikaseme ukweli. Wivu huo!
Nimerudi kanisani. Mama Emérence amenionyesha mistari saba mitupu daftarini, akauliza ni nani anayewafuta wafu wa watu. Nikamwambia labda ni unyevu. Alipokwenda kuchota maji, nikanakili ishirini na tisa.
La thelathini, chini kabisa ya ukurasa, ni langu. Marie-Louise, jina kamili, wino haujakauka.
Nimelinakili pia. Huyo angalau nina hakika atafika.