Gari la Marehemu Halijasalimiwa

Jumatatu, 8 Julai 2024

Nimenunua gari! Pikapu ya dizeli, ya kijivu, ya marehemu Mzee Magese aliyekuwa bwana mifugo hapa Bariadi. Mjane wake, Mama Generoza, alinikabidhi ufunguo kwa mikono miwili. Akasema asubuhi za baridi gari halitaki papara, marehemu alikuwa analisalimia kwanza. Kulisalimia! Nilicheka mpaka kofia ikaanguka. Yeye hakucheka.

Sasa Debora ni wangu. Jumamosi alfajiri nampeleka baba yake, Mzee Bujiku wa kijiji cha Sapiwi, kliniki ya macho Mwanza. Nikimfikisha, posa yangu inasikilizwa. Nisipomfikisha, Sylvester yupo na gari lake la Noah, na yeye pia anamtaka Debora. Nimemwambia mzee gari langu linawaka kwa kuguswa tu.

Jumanne, 9 Julai

Halikuwaka! Baridi ya kuuma masikio. Starta inazunguka, injini inakohoa, kimya. Inakohoa tena, kimya. Kikohozi cha mtu mzima anayetaka ujue kwamba yupo. Saa nne, jua limekolea, likawaka bila ubishi.

Fundi Luhende akasema ndiyo kawaida ya dizeli. Kuna plagi nne za kupasha injini joto. Ukifungua swichi, taa ndogo ya njano inawaka kwenye dashibodi, subiri izime ndipo upige starta. Nikamwambia nauza betri za redio mwaka wa tisa huu, betri iliyochoka naijua. Akasema sawa bosi, akaondoka. Nimefunga betri mpya.

Jumatano, 10 Julai

Betri mpya, kikohozi kilekile, ila sasa kina nguvu. Jirani yangu Specioza alisimama mlangoni na mswaki mdomoni, akauliza kama gari nimelinunua au nimelilaza wodini. Mwanamke huyu!

Kwa hasira nikavua kofia nikaliamkia kwa Kisukuma, haya basi, mwangaluka baba! Likawaka. Mara moja. Specioza aliacha kupiga mswaki.

Nikaweka mkono kwenye kiti cha abiria. Kilikuwa na joto. Jua lilikuwa halijatoka. Ni joto la kiti ambacho mtu ameinuka sasa hivi.

Alhamisi, 11 Julai

Utafiti. Bila salamu, kikohozi. Habari za asubuhi, kikohozi. Mambo vipi mzee, taa zote zikazima na kioo cha kutazamia nyuma kikainama taratibu mpaka nikabaki natazamana na macho yangu mwenyewe. Sikupenda hata kidogo. Mwangaluka baba, kofia mkononi, habari za nyumbani, za ng'ombe, za mvua: likawaka, likanguruma polepole kama mtu anayejibu mhola, mhola duhu, salama tu.

Nikampigia Luhende. Alicheka sana. Akasema salamu zetu Wasukuma ni ndefu, nikifika kwenye ng'ombe taa ya njano imeshazima. Si mzimu, ni subira. Nimefurahi. Kidogo. Maana kiti kilikuwa na joto tena, na gari zima lilinuka ugoro. Mimi sinusi ugoro.

Ijumaa, 12 Julai

Nipo Sapiwi. Mpango: kulala kwa mzee, kuamka kabla ya wote, kulisalimia gari kwa siri. Nani atajua?

Mzee Bujiku alilikagua kwa kulipapasa, maana macho hayaoni vizuri. Alipofika mlango wa abiria akasita. Akauliza mbona mwenzangu nimemwacha garini. Nikasema nimekuja peke yangu. Akasema aah, akafuta mkono kwenye koti.

Debora kaniwekea michembe, vile viazi vitamu vikavu, kwa karanga. Kanicheka kwa jicho moja. Nampenda jamani!

Jumamosi, 13 Julai

Aibu! Aibu kubwa!

Saa kumi na moja na nusu, giza na umande. Nikavua kofia, nikainama dirishani. Mwangaluka baba. Sauti nyuma yangu ikajibu, mwangaluka.

Sikugeuka. Nikasema marehemu, nakuomba, nibebee leo tu huyu mzee kipofu mpaka Mwanza, nikishamuoa binti nitakuuza kwa mtu mwenye adabu kuliko mimi. Sauti ikauliza kipofu ni nani, na marehemu ni nani.

Mzee Bujiku! Na koti lake la safari!

Nilieleza. Kila nilichoeleza kiliongeza ubaya. Hapo Sylvester akaingia uani na Noah, eti alikuwa anapita tu. Kupita Sapiwi saa hizo! Akashuka, akainama, akamwamkia mzee. Wakapanda Noah wote watatu, yeye, mzee na Debora. Debora alikuwa na machozi, ya kicheko au ya hasira sijui. Iliniuma.

Nikabaki peke yangu. Gari likawaka. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu.

Jumapili, 14 Julai

Luhende kaja na spana zake kunionyesha kwamba ni plagi tu. Akazichomoa moja moja, akazipima kwenye betri. Zote nne zimekufa. Akasema zimekufa miaka mingi, taa inawaka bure, hakuna kinachopata joto. Kwa baridi ile, usubiri usisubiri, gari hili halikupaswa kuwaka hata siku moja.

Akakusanya spana. Chai hakugusa. Alipopita mbele ya gari akavua kofia.

Jumatatu, 15 Julai

Debora kapiga simu! Nimelia kidogo, nakiri. Baba yake katibiwa, anaona. Sylvester kajiharibia mwenyewe, njia nzima kaongea habari za Noah tu. Mzee yuko tayari kunisamehe. Anataka niende Jumamosi kwa bodaboda, nimsalimie kama mtu na mzee wake. Gari niliache Bariadi. Debora alirudia mara tatu: bodaboda, salamu, basi.

Bodaboda! Niingie kwa wakwe na vumbi kichwani, Sylvester anicheke? Haiwezekani. Naenda na gari. Mpango nimeshaupata, ni rahisi kabisa. Nikifika nitamsalimia Mzee Bujiku kwanza, ila kwa sauti ya chini, gari lisisikie likaona wivu.