Uzinduzi wa Kituo cha Kupima Majeraha ya Nafsi, Kaunti ya Palo Seco

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Halmashauri ya Kaunti yetu tukufu ya Palo Seco, Texas, Mheshimiwa Sherifu, pamoja na mbwa wake mwenye cheo cha sajini, Baba Paroko, Rais wa Chama cha Wakulima wa Balungi, Mrembo wa Balungi wa mwaka huu, na yule wa mwaka jana ambaye bado hajarudisha taji, wageni waalikwa, wageni wasioalikwa, na ninyi wageni wenyewe mnaosubiri kesi zenu za kuomba hifadhi ya ukimbizi: itifaki imezingatiwa! (Makofi. Mbwa anabweka.)

Mimi, Wendell Stroud, Kaimu Mkurugenzi Msaidizi wa Ustawi Jumuishi wa Wanaowasili, nasimama mbele yenu kwa unyenyekevu ambao, kwa mujibu wa tathmini niliyojifanyia mwenyewe, ni wa kiwango cha juu kuliko wowote katika ukanda huu wa mpakani. Mnafahamu kwamba mwombaji hifadhi akifika mbele ya hakimu, maneno yake matupu mara nyingi hayatoshi. Hutakiwa mtaalamu wa saikolojia aketi naye, amsikilize, kisha aandike yale aliyopitia yamemfanya nini, kwa nini tarehe zimemtoka kichwani, kwa nini anaruka mlango ukigongwa. Ndipo ofisi yangu, katika mchakato shirikishi wa kuwajengea uwezo wadau wenye majeraha ya nafsi, ikabuni Kituo hiki mnachokiona nyuma yangu, ambacho kitapunguza foleni kwa asilimia mia na kumi na huzuni kwa asilimia tisini, ile kumi iliyobaki tukiitunza kwa ajili ya misiba. (Makofi ya Rais wa Balungi peke yake.)

Naona mkono. Haya mama, simama, sema kwa ufupi, maana mimi sijamaliza utangulizi.

(Mwanamke mfupi mwenye blauzi iliyotariziwa ndege anasimama. "Naitwa Eulalia Tzoc, natoka Guatemala. Kesi yangu ni Jumatatu. Mheshimiwa, hicho kituo kinafunguliwa saa ngapi? Nimekuja nipimwe.")

Swali zuri sana! Kituo kimeshafunguliwa, kimkakati.

("Mheshimiwa, hakimu aliponiuliza kaka yangu Macario alikufaje, nilicheka. Sikutaka. Kilinitoka tu, kama kwikwi. Walimuua mbele yangu, mimi nimebeba unga wa mahindi. Wakili wa serikali akasema, 'Mnaona? Anatunga.' Hakimu kaniambia nilete ripoti ya daktari, la sivyo narudishwa kulekule." Anacheka, machozi yanamtiririka.)

Mmemwona? Anacheka! Mabibi na mabwana, mradi haujamaliza hata saa moja, na tayari mnufaika wa kwanza anacheka! Mpiga picha, mchukue kwa upande huu, machozi yasionekane. (Zomeazomea. Sauti: "Wewe baba, hukuzaliwa na mama?")

Nashukuru kwa maoni yenu chanya. Mimi binafsi uchungu wenu naujua, kwani nilihudhuria semina kisiwani Hawaii, ambako tuliyajadili mateso ya wakimbizi kwa kina, tangu kifungua kinywa hadi muda wa kuogelea, tukaazimia kwa kauli moja kwamba mateso si mazuri. Samahani, nani huyo anayepita katikati ya viti? Daktari Ofelia Barrientos, mwanasaikolojia wetu wa kujitolea, rudi ukae! Utasalimia watu baada ya kwaya.

(Daktari haketi. Anamshika Eulalia mkono. "Dada, kicheko hicho nakijua. Uchungu ukizidi, mwili hutafuta pa kuutolea. Si uongo huo."

"Hakimu ataelewa?"

"Nitamwandikia aelewe. Akitaka, Jumatatu nakwenda kumweleza ana kwa ana. Ila lazima unisimulie yote, taratibu. Ukichoka, tunapumzika."

"Na nikicheka tena?"

"Cheka tu. Mimi sikukimbii."

Wanaelekea jikoni kwa paroko.)

Daktari! Daktari, ni marufuku kufanya tathmini wakati wa uzinduzi wa tathmini! (Vicheko. Watu wanainuka mmojammoja na kuwafuata wale wawili. Baba Paroko anakunja kanzu, anatangulia mbio kufungua mlango na kubandika kahawa.)

Kumbukumbu zionyeshe kwamba wananchi wameinuka kwa heshima yangu. Basi nahitimisha: nikisema "Nafsi!", ninyi mseme "Timamu!" Nafsi! (Kimya.) Nafsi! (Rais wa Balungi: "Eti nini?") Naam, ujumbe umefika.

Mwisho kabisa, shukrani zangu za dhati zimwendee fundi Delgado, aliyetuchorea Kituo hiki juu ya turubai, kuta, madirisha na maua yake, kwa ustadi mkubwa kiasi kwamba hata mimi asubuhi nilijikuta nakivuta kitasa. Namwomba Mheshimiwa Sherifu atusaidie kulikunja kabla upepo haujazidi, maana kesho kutwa linahitajika kaunti ya jirani, ambako nitazindua hospitali. Asanteni sana!